Programu ya Barua Inayoitikia Jina la Sendmail: Namna ya Kuipata na Kuijaribu katika Linux

Kompyuta inayoendeshwa kwa Linux, hata ile isiyo na kioo wala mtu wa kukaa mbele yake, ina mengi ya kumwambia msimamizi wake: kwamba diski mojawapo imeanza kuharibika, kwamba nakala rudufu ya usiku haikukamilika, kwamba kuna masasisho ya usalama yanayosubiri kuwekwa. Programu zinazoyagundua mambo hayo ni nyingi, lakini sehemu kubwa ya hizo hazijui kusafirisha barua pepe zenyewe. Huandika taarifa, zikaikabidhi kwa programu nyingine iitwayo sendmail, kisha zikaendelea na shughuli zao. Ikiwa programu hiyo haipo, au ipo lakini haijaelekezwa pa kupeleka barua, taarifa hupotea kimyakimya, na msimamizi huja kuijua habari ya diski siku ambayo data yenyewe imekwisha kupotea. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo mfumo una programu ya barua inayolingana na Sendmail, ni ipi, na inazipeleka wapi barua inazopokea, linastahili kujibiwa siku ileile mfumo unapoanza kazi, kabla ya dharura ya kwanza.

Ni muhimu kutambua kwanza kwamba jina hilo hubeba mambo mawili tofauti. La kwanza ni programu halisi iitwayo Sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mtangulizi wake, delivermail, alianza kusambazwa mwaka 1979, na Sendmail yenyewe ikatoka mwaka 1983 pamoja na mfumo wa BSD. Kwa kuwa kwa miaka mingi ndiyo iliyotumiwa karibu kila mahali penye Unix, waandishi wa programu nyingine walizoea kuiita moja kwa moja kwa jina na kwa mahali pake. Hapo ndipo ilipozaliwa maana ya pili, ambayo ndiyo inayomhusu zaidi msimamizi wa leo: sendmail kama mahali pa kukabidhia barua. Philip Hazel alipoanza kuandika Exim mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na Wietse Venema alipoitoa Postfix mwaka 1998 akiwa katika kampuni ya IBM, kila mmoja alijenga injini yake kwa namna yake, lakini wote wawili waliacha mbele ya injini hizo mlango uleule wenye jina lilelile, ili maelfu ya programu zilizokwisha kuandikwa zisihitaji kubadilishwa. Mlango huo unafanana na tundu la sanduku la posta: anayetumbukiza barua hahitaji kujua kama nyuma yake kuna pikipiki, gari au ndege. Lakini msimamizi wa mfumo anapaswa kujua, na makosa mengi ya barua katika Linux hutokana na msimamizi aliyetosheka na kuliona tundu bila kuuliza nani anayelifungua sanduku.

Mahali pa kuanzia kutafuta ni /usr/sbin/sendmail. Waraka uitwao FHS, unaopanga majina ya saraka na mafaili katika mifumo ya Linux, unautambua mlango huu, na unataka pia /usr/lib/sendmail, ambalo ndilo jina la zamani, lielekeze kwenye programu hiyohiyo pale inapokuwepo. Amri ya kwanza kwa hiyo ni nyepesi sana:

ls -l /usr/sbin/sendmail

Wengi huanza kwa amri ya "which sendmail" au "command -v sendmail", na hapo hukutana na mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Amri hizo mbili haziikagui kompyuta nzima; hukagua saraka zilizotajwa katika orodha iitwayo PATH tu, yaani orodha ambamo sheli, ile programu inayopokea amri za mtumiaji, hutafuta programu inayotajwa kwa jina lake pasipo anwani kamili. Katika Debian, mtumiaji wa kawaida hana /usr/sbin katika orodha yake, kwa kuwa saraka hiyo ilitengwa tangu zamani kwa kazi za msimamizi. Mtumiaji huyo akiuliza kwa "which", hatajibiwa kitu, naye atahitimisha kwamba mfumo hauna programu ya barua, ilhali Postfix inafanya kazi saa zote na foleni yake imejaa. Jambo hilohilo huzipata kazi zinazoendeshwa na cron, programu inayotekeleza amri kwa ratiba, kwa sababu cron kwa kawaida huzipa kazi zake PATH fupi ya /usr/bin na /bin pekee. Skripti iliyofanya kazi vizuri mikononi mwa msimamizi mchana hushindwa usiku kwa kosa la programu kutoonekana. Dawa ni moja kwa hali zote mbili, nayo ni kuandika anwani kamili, /usr/sbin/sendmail, kila mahali ambapo programu hii inaitwa. Katika distro, yaani mkusanyo wa Linux uliofungashwa tayari, kama Arch, ambako saraka ya sbin imeunganishwa na ya bin, anwani hiyo bado hufanya kazi, kwa kuwa jina la zamani limeachwa lielekeze kwenye jipya.

Faili likionekana, swali linalofuata ni nani aliye nyuma yake. Mara nyingi kinachoonekana ni kiungo elekezi, yaani jina ambalo kazi yake ni kuonyesha faili lingine lilipo, na viungo vya namna hiyo vinaweza kufuatana viwili au vitatu. Amri ya "readlink -f /usr/sbin/sendmail" huvifuata vyote hadi mwisho na kuandika anwani ya faili halisi. Jibu likiwa /usr/sbin/exim4, mwenye nyumba ni Exim. Likiwa /usr/bin/msmtp, ni msmtp. Likiishia kwenye busybox, basi ni ile programu ndogo yenye kazi nyingi ambayo distro nyepesi kama Alpine zimejengwa juu yake. Postfix katika Debian haitumii kiungo, kwani faili la sendmail ni lake lenyewe, na hapo anwani peke yake haitoshi kumtambulisha mwenyewe. Njia ya uhakika ni kuuliza kitabu cha vifurushi, yaani kumbukumbu ambamo mfumo huandika kila faili limeletwa na kifurushi gani: katika Debian na Ubuntu huulizwa kwa "dpkg -S /usr/sbin/sendmail", na katika jamii ya Red Hat na Fedora huulizwa kwa "rpm -qf" ikifuatwa na anwani iliyotolewa na readlink.

Jamii hizi mbili zinatofautiana katika jambo moja ambalo humchanganya anayehama kutoka moja kwenda nyingine. Debian huruhusu programu moja tu ya kusafirisha barua kwa wakati mmoja: kila kifurushi cha aina hiyo hujitangaza kuwa mail-transport-agent na kuvikataa vingine vyenye tangazo hilohilo, kwa hiyo kusimika Postfix huiondoa Exim papo hapo. Red Hat na Fedora huruhusu kadhaa zikae pamoja, na kuachia mfumo uitwao alternatives uamue ni ipi itakayolijibu jina. Hapo "alternatives --display mta" huonyesha iliyochaguliwa, na "alternatives --config mta", ikiendeshwa na msimamizi mkuu, huibadilisha. Msimamizi aliyesimika Postfix katika mfumo wa aina hii, akairekebisha kwa uangalifu, kisha akaona barua bado zinatoka kwa njia ya zamani, aanze kukagua hapo kabla ya kurudia marekebisho yake.

Huenda utafutaji ukaishia kwa jibu kwamba hakuna kitu. Ubuntu ya seva, kwa usimikaji wake wa kawaida, haiji na programu ya kusafirisha barua, na picha za kontena, yaani mifumo midogo inayofungwa pamoja na programu moja ili iendeshwe popote, mara nyingi hazina. Dalili iliyo wazi kuliko zote hutoka kwa cron ya Debian, ambayo kila kazi yake inapotoa maandishi na kukuta hapana pa kuyakabidhi, huacha mstari huu katika kumbukumbu za mfumo:

(CRON) info (No MTA installed, discarding output)

Maana yake ni kwamba hakuna programu ya barua iliyosimikwa, na kwamba maandishi yaliyokusudiwa kumfikia msimamizi yametupwa. Kuutafuta mstari huo katika kumbukumbu ni kipimo kizuri cha kiasi gani cha habari kimekwisha kupotea, na msimamizi anayepokea seva kutoka kwa mwenzake afanye hivyo siku ya kwanza.

Katika kuchagua programu ya kusimika, swali la msingi ni iwapo mfumo unahitaji kupokea barua kutoka nje au kutuma tu. Seva nyingi zinahitaji kutuma tu, na hizo hazina haja ya injini kamili inayosikiliza mtandao saa zote. Zipo programu ndogo zilizoandikwa kwa kazi hiyo, kama msmtp, nullmailer na dma, ambazo huchukua barua na kuipeleka kwa seva kubwa ya barua, ile ya ofisi au ya kampuni inayotoa huduma hiyo, nayo ndiyo huifikisha kwa mpokeaji. Katika Debian, msmtp yenyewe haichukui jina la sendmail mpaka kisimikwe pia kifurushi cha msmtp-mta, ambacho kazi yake ni kuweka kile kiungo. Wengi hukisahau, wakaiona msmtp ikifanya kazi inapoitwa kwa jina lake huku cron ikiendelea kulalamika.

Tofauti iliyo kubwa zaidi kati ya programu hizi ndogo, ambayo haipewi uzito inaostahili, ni foleni. Programu yenye foleni huipokea barua, huiandika kwenye diski, kisha hujaribu kuituma tena na tena mpaka ifike au muda uliowekwa uishe. Programu isiyo na foleni hujaribu mara moja, na ikishindwa hurudisha kosa kwa aliyeiita. Nullmailer na dma zina foleni. Msmtp kwa asili yake haina. Mahali ambapo intaneti haikatiki, tofauti hiyo haionekani kwa miezi. Katika shule au zahanati ambako umeme na mtandao hukatika, ndiyo inayoamua kila kitu, kwa kuwa saa ambayo seva ina habari mbaya ya kutoa, kama vile kwamba imewaka upya baada ya umeme kukatika na diski zake zinakaguliwa, mara nyingi ndiyo saa ambayo kiungo cha intaneti bado hakijarudi. Programu zinazotoa taarifa, cron ikiwa miongoni mwao, hazina desturi ya kuihifadhi barua iliyokataliwa ili zijaribu tena. Kwa mazingira hayo programu yenye foleni ndiyo ya kupendekezwa bila kusita, na Postfix iliyoelekezwa kwa seva kubwa kupitia mpangilio wake wa relayhost ni chaguo jema vilevile. Postfix ina sifa ya ziada ya kuipokea barua hata injini yake inapokuwa imesimama, ikaihifadhi katika saraka ya maildrop hadi itakapowashwa.

Foleni ina faida nyingine upande wa usalama. Seva kubwa ya barua hudai jina na nywila, kwa kawaida kupitia poti ya 587 au 465, kwa kuwa poti ya 25 hufungwa na kampuni nyingi zinazokodisha seva ili kuzuia barua taka. Programu inayotuma papo hapo kwa mamlaka ya mtumiaji aliyeiita haina budi kuweza kulisoma faili lenye nywila hiyo, na kama programu inaweza kulisoma kwa mamlaka hayo, mtumiaji naye anaweza. Penye foleni, mtumiaji huweka barua tu, na nywila husomwa na mtumishi wa nyuma mwenye mamlaka yake mwenyewe. Penye watumiaji wengi, hoja hii peke yake inatosha kuamua.

Baada ya programu kupatikana, inafaa kujua inalingana na Sendmail kwa kiasi gani, kwa sababu ulinganifu huu ni wa machaguo machache tu, yaani zile herufi zinazofuata kistari katika amri. Matatu ndiyo ya kutegemewa karibu kila mahali. Chaguo la -t huiambia programu iwatafute wapokeaji ndani ya vichwa vya barua, yaani mistari ya To, Cc na Bcc iliyo juu ya ujumbe. Chaguo la -f huweka anwani ya mtumaji kwenye bahasha, ambayo si lazima iwe sawa na ile inayoonekana katika mstari wa From, na ambayo ndiyo hupokea taarifa barua inaposhindwa kufika. Chaguo la -i linaonekana dogo, lakini kukosekana kwake kumeharibu ripoti nyingi: kwa desturi ya zamani, mstari wenye nukta moja peke yake humaanisha kwamba barua imekwisha, na kwa hiyo ripoti ambayo katikati yake umetokea mstari wa namna hiyo hukatwa hapo, sehemu iliyobaki isimfikie mtu wala kosa lolote lisitangazwe. Chaguo la -i huamuru nukta hiyo ichukuliwe kama maandishi mengine. PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, huita sendmail ikiwa na -t na -i pamoja, na yeyote anayeandika skripti yake afuate mfano huo.

Nje ya machaguo hayo, tofauti huanza. Mfano mmoja unatosha kuonyesha hatari yake. Mtu akitumia -t na papo hapo akataja anwani nyingine mwishoni mwa amri, Postfix huiongeza anwani hiyo kwa wapokeaji waliopatikana katika vichwa, ilhali Exim, kwa mpangilio wake wa asili, humwondoa mwenye anwani hiyo kwenye orodha. Amri moja, herufi kwa herufi, humpelekea mtu barua katika mfumo mmoja na kumnyima katika mwingine, na pande zote mbili zina utetezi, kwa kuwa nyaraka za zamani za Sendmail zenyewe zilitofautiana juu ya jambo hilo. Mwandishi wa skripti achague njia moja: ama wapokeaji wote wawe katika vichwa na -t itumike, ama wote watajwe kwenye amri na -t iachwe. BusyBox nayo ina mlango wa sendmail usiokuwa na injini yoyote nyuma; bila maelekezo mengine hujaribu kuunganisha na seva ya barua kwenye kompyuta ileile, na isipoikuta hushindwa, kwa hiyo kuliona jina hilo ndani ya kontena ya Alpine si ushahidi kwamba barua inaweza kutoka.

Jaribio lenyewe lifanywe kwa barua kamili, yenye vichwa, mstari mtupu na mwili, kwa sababu mstari mtupu ndio unaotenganisha vichwa na ujumbe:

printf 'To: msimamizi@example.org\nSubject: Jaribio\n\nBarua ya majaribio.\n' | /usr/sbin/sendmail -t -i; echo $?

Anwani ya mfano ibadilishwe kwa anwani halisi iliyo nje ya mfumo. Namba inayoandikwa mwishoni ni msimbo ambao programu humrudishia aliyeiita. Sifuri humaanisha kwamba barua imepokewa, na hapa pana kosa la uelewa linalofaa kuepukwa: penye foleni, kupokewa si kufika, na barua inaweza kukaa humo siku kadhaa kabla ya kurudishwa. Namba 75 huashiria kushindwa kwa muda, 78 kasoro katika mpangilio, na 127 hutoka kwa sheli yenyewe pale ambapo programu haikuonekana kabisa. Baada ya sifuri, amri ya mailq huonyesha kilichobaki katika foleni pamoja na sababu, na mafaili ya kumbukumbu hueleza mengine: /var/log/mail.log kwa Postfix katika mifumo mingi ya Debian, /var/log/maillog katika jamii ya Red Hat, na /var/log/exim4/mainlog kwa Exim ya Debian. Katika mifumo mipya ambayo mafaili hayo hayapo, journalctl hutoa habari hizohizo. Sababu inayojirudia sana humo ni kukataliwa kwa mtumaji, kwa kuwa seva iliyoachwa na jina kama localhost.localdomain hutuma barua kwa anwani ambayo hakuna seva makini itakayoikubali, na hilo hurekebishwa kwa kuipa programu jina la kikoa halisi kinachomilikiwa na taasisi.

Jaribio lirudiwe pia kwa mtumiaji yuleyule anayeendesha huduma inayohusika, si kwa msimamizi mkuu pekee. Huduma zinazosimamiwa na systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, zinaweza kuwekewa kizuizi cha NoNewPrivileges, kinachozuia programu kupata mamlaka zaidi ya yale iliyoanza nayo. Mlango wa Postfix hutegemea msaidizi wake, postdrop, kupata mamlaka ya kundi lake ili aandike kwenye foleni, na ndani ya huduma yenye kizuizi hicho barua hukataliwa hata kama jaribio la msimamizi lilifaulu dakika moja kabla.

Linabaki suala la barua zinazoelekezwa kwa root, jina la msimamizi mkuu, ambalo ndilo cron na walinzi wa diski hulitumia kama anwani ya kawaida. Zisipoelekezwa kwingine, injini kamili huziweka katika sanduku la ndani ya seva, ambamo hulundikana bila kusomwa. Katika Postfix na Exim ya Debian huongezwa katika faili la /etc/aliases mstari wenye neno root, nukta mbili, na anwani ya mtu anayesoma barua zake kila siku. Postfix huhitaji amri ya newaliases iendeshwe baada ya badiliko hilo, ilhali Exim hulisoma faili lenyewe moja kwa moja. Msmtp hulitambua faili la aina hiyo pale tu linapotajwa katika mpangilio wake kwa neno aliases, kwa hiyo anayeichagua aongeze mstari huo katika /etc/msmtprc, kisha atume barua nyingine ya majaribio kwa root na kusubiri mpaka aione katika sanduku la nje.